KAMERA AU FAGIA? WAUZA SARAFU ZA KALE NA MANENO YAO MAWILI

Maoni ya mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nawaheshimu wahenga, na mwalimu wetu wa Kiswahili ni shahidi kwamba insha zangu hazikosi methali. Lakini leo, kwa heshima na taadhima, naomba ruhusa nibishane nao kidogo. Katika biashara ya sarafu za kale kibaya hakijitembezi hata. Kibaya huogeshwa, hupakwa wanja, hupewa jina la kupendeza, kisha huketishwa juu ya kitambaa chekundu kama bibi harusi. Nacho chema, kikiwa bado mikononi mwa mwenyewe asiyejua thamani yake, huitwa chuma chakavu.

Wanafunzi wenzangu, najua wengine wenu mshaanza kucheka. "Sarafu za kale? Huyu naye! Sisi tunatafuta nauli ya kurudi nyumbani likizo ikifika, yeye anatuletea mambo ya ndururu na thumuni." Ngojeni kwanza. Ni nani kati yetu asiye na babu au nyanya aliyeficha mkebe chini ya kitanda? Fungueni mkebe huo siku moja, kwa idhini ya mwenyewe lakini! Mtakuta vifungo, picha iliyofifia, labda funguo za kufuli ambayo haiko tena. Chini kabisa mtakuta shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima, senti kumi zenye tundu katikati na pembe za ndovu pande mbili, na sarafu za kwanza za Kenya za mwaka 1966 zenye picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Hiyo ni mali. Swali ni hili: nani atatuambia ni mali ya kiasi gani, na atatumia maneno gani?

Maoni yangu ni haya. Muuza sarafu anapaswa kuieleza sarafu kwa neno lile lile, awe ananunua au awe anauza, na neno hilo liwe la kueleweka na mtu yeyote. Asipoweza, basi sisi tujifunze kupima wenyewe, maana macho tunayo.

Tuanze na kuelewa daraja la sarafu ni kitu gani. Sarafu ikitoka kiwandani imegongwa na mtambo wenye nguvu nyingi, na uso wake una mng'aro wa pekee. Uinamishe chini ya taa, utauona mwanga ukizunguka kama spoku za gurudumu la baiskeli. Baadaye sarafu inaingia sokoni, na hapo safari inaanza: mfukoni, kwenye fundo la leso, kwenye droo ya mwenye duka, mkononi mwa kondakta. Kila mkono unakula kidogo. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazoliwa kwanza, mathalan nywele na shavu la mfalme upande mmoja, na mwili wa simba upande wa pili. Kwa hiyo mpimaji huangalia zile sehemu za juu aone zimelika kiasi gani. Huangalia pia mikwaruzo, mng'aro uliobaki, na jinsi sarafu ilivyogongwa tangu mwanzo. Naam, kuna sarafu zinazozaliwa dhaifu. Mtambo haukukaza vizuri, basi mchoro ukatoka hafifu, ijapokuwa sarafu yenyewe haijawahi kununua hata kiberiti. Kutofautisha udhaifu wa kuzaliwa na uchakavu wa mikono, huo ndio ujuzi wenyewe.

Wamarekani wana ngazi ya namba, kutoka 1 hadi 70. Namba 1 ni sarafu ambayo ukiitambua tu ni ya aina gani, umshukuru Mungu. Namba 60 hadi 70 ni zile ambazo hazikutumika, na 70 haina dosari yoyote hata ukitumia kioo cha kukuzia. Katikati ndipo kuna kituko. Namba 4 inaitwa "Good", yaani nzuri. Sasa hebu tazameni hiyo nzuri yenyewe: kichwa kimebaki kama kivuli, uso hauna jicho wala sikio, na maandishi mengine yameanza kumezwa na ukingo. Namba 20 inaitwa "Very Fine", na tayari sarafu hiyo imepita mikono mingi sana. Wajerumani nao wana daraja lao la "sehr schön", maana yake nzuri sana, ilhali wanazungumzia sarafu ambayo uchakavu wake unaonekana bila miwani. Yaani katika lugha hizi sifa zinaanzia kaburini! Ukitaka kusikia lawama ni lazima ushuke mpaka chini kabisa ya ngazi.

Hebu fikirini kama ripoti zetu za muhula zingeandikwa namna hiyo. Mwenye alama nne kwa mia anaandikiwa "vizuri", mwenye ishirini "vizuri sana". Wazazi wangechinja kuku, kisha waje siku ya wazazi kuuliza mbona mtoto hajapata nafasi ya chuo kikuu. Wale wazoefu wa sarafu wanajua kuyatafsiri maneno hayo. Wao hawadanganyiki, kwa sababu kwao "nzuri" ni jina tu, sawa na mtu mfupi anayeitwa Mrefu. Anayeumia ni mgeni, mtu aliyeingia kwenye biashara hii akidhani kwamba nzuri ni nzuri.

Linganisheni na wauza mitumba wetu. Belo likifunguliwa kule Gikomba, nguo za kwanza kuchaguliwa, zile ambazo hazina doa wala mshono ulioachia, huitwa kamera. Mabaki ya mwisho, yale yaliyorundikwa chini na kuchakurwa na kila mpita njia, huitwa fagia. Hakuna anayeona haya kuitangaza fagia. Wewe mnunuzi unajua kabisa unaingia kwenye fagia, unainama, unachakura, na bei yake ni ya fagia. Mimi nasema lugha ya Gikomba ni ya kweli kuliko lugha ya makatalogi ya sarafu yaliyopigwa chapa kwenye karatasi ya kung'aa.

Hii ngazi ya namba ilitoka wapi? Mwaka 1949 Mmarekani mmoja mwanasaikolojia, William Sheldon, alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, zile zilizopigwa kati ya 1793 na 1814. Yeye alitaka bei na hali ya sarafu viende pamoja. Wazo lake lilikuwa rahisi. Kama sarafu ya daraja la 1 ina thamani ya dola moja, basi ya aina ile ile iliyo katika daraja la 70 iwe na thamani ya dola sabini. Ndiyo maana ngazi inaishia kwenye 70 na si kwenye 100 kama mtihani wa hesabu. Bei za soko hazikukubali kufungwa kamba hiyo kwa muda mrefu, zikakimbia zao. Hesabu ya bei ikafa lakini namba zikabaki, na baadaye zikatumiwa kwa sarafu za kila aina.

Sasa sikilizeni ajabu. Sheldon alifariki mwaka 1977. Baadaye ilikuja kugunduliwa kwamba bwana huyu, aliyewafundisha watu kupima sarafu, alikuwa amechukua senti bora kutoka kwenye hazina ya American Numismatic Society kule New York, na mahali pake akaweka zake zilizo duni zaidi. Jicho lake la kupima halikuwa na kasoro hata kidogo. Alijua barabara ipi ni kamera na ipi ni fagia, na kujua huko ndiko kulikomsaidia kubadilisha. Nimelitaja jambo hili si kwa ajili ya kumsengenya marehemu, bali kwa sababu linatufunza kitu. Mizani inaweza kuwa sawasawa na bado ukapunjwa, ikiwa mwenye kuishika ana haja na kile kinachopimwa.

Hilo ndilo tatizo kuu la muuza sarafu. Anapokuja kununua kwako, faida yake ni sarafu ionekane mbaya. Anapouza, faida yake ni sarafu ile ile ionekane nzuri. Yeye ndiye mchezaji, yeye ndiye refarii, na filimbi ni yake. Sisi wanafunzi tunalielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mtihani wa KCSE hausahihishwi na mtahiniwa, wala na baba yake. Unasahihishwa na mtu asiyekujua, tena anasoma namba yako. Kama kila mtu angejisahihishia, nchi nzima ingekuwa na alama ya A, na mimi ningekuwa wa kwanza kujipa!

Wenzetu wa Marekani walilitambua hilo. Mwaka 1985 ilianzishwa kampuni inayoitwa PCGS, na mwaka 1987 ikafuata nyingine iitwayo NGC. Kazi yao ni kupimia watu sarafu. Unawapelekea sarafu yako na ada, wapimaji wanaiangalia, wanakubaliana juu ya namba, kisha wanaifunga ndani ya kikasha cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa, namba ikiwa imeandikwa juu. Hapo muuzaji hana nafasi ya kuongeza chumvi. Ni hatua kubwa, na naisifu. Lakini hata hapo binadamu ni binadamu. Kuna watu wanaovunja kikasha, wanaitoa sarafu na kuirudisha kupimwa tena, wakitumaini safari hii namba itapanda. Na wakati mwingine inapanda! Sarafu ni ile ile, mikwaruzo ni ile ile, jicho tu ndilo limebadilika. Mwaka 2007 ikaanzishwa kampuni nyingine, CAC, kazi yake ikiwa ni kuangalia sarafu zilizokwisha kupimwa na kubandika kibandiko kwenye zile ambazo inaona zinastahili namba zake. Yaani sarafu imepimwa, kisha kipimo nacho kikapimwa. Sijui nani atakuja kumpima huyo wa mwisho.

Isitoshe, dawa hiyo si ya maskini. Ada ya kupimiwa pamoja na gharama ya kutuma kifurushi ng'ambo ni kubwa kuliko thamani ya shilingi nyingi zilizomo katika mikebe ya nyanya zetu. Huwezi kununua ng'ombe ili upate kamba. Kwa hiyo mkulima wa kwetu anabaki na yule mnunuzi anayepita na mkoba siku ya soko.

Mnunuzi wa aina hiyo nimemwona kwa macho yangu. Likizo ya Agosti nilikuwa ushago kwa nyanya. Akaja bwana mmoja na mkoba, anasema ananunua pesa za zamani. Nyanya akautoa mkebe. Yule bwana akaanza na zile senti kumi. Akazishika, akatikisa kichwa, akasema, "Hizi nazo, mama, zimetobolewa. Zimeharibika." Nyanya alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kijana, hizo zilizaliwa na tundu. Sisi tulizitunga kwenye kamba tukazivaa shingoni tukitumwa dukani, zisipotee. Unataka kunifundisha mimi pesa nilizotumia?" Yule bwana akacheka pia, cheko la aibu, na hapo hapo akapandisha bei ya zile senti.

Halafu akafika kwenye shilingi. Hapo akasema simba amechoka, maandishi yamechoka, hiki ni chuma tu, na kwamba anazichukua kwa huruma. Nyanya hakuwa na la kujibu. Aliijua tundu kwa sababu aliiishi, lakini habari ya mchoro kulika na madaraja ya sarafu hakuna aliyewahi kumwambia. Akauza shilingi tisa kwa bob ishirini kila moja, akanunua sukari na mafuta ya taa. Zilikuwa zake, na mjukuu haendi kumkata nyanya kauli mbele ya mgeni.

Wiki mbili baadaye nilipita mjini nikielekea steji, nikamkuta yule bwana na meza yake. Shilingi zilikuwa zimelala ndani ya vijaluba vya plastiki, kila moja na kikaratasi chake. Moja niliitambua bila shaka yoyote. Ni ya mwaka 1948, na ina pengo ukingoni kwa sababu mjomba wangu aliwahi kuitumia kufungulia skrubu za redio. Kikaratasi kilisema: "Nadra sana. Hali bora. Fedha." Bei ilikuwa shilingi elfu moja na mia tano. Nikamuuliza amepimaje hiyo hali bora. Akanijibu, "Kwa umri wake, kijana, hiyo ni safi." Nikamuuliza kuhusu nyanya. Akaniambia biashara ni biashara.

Tuyachambue maneno matatu ya kile kikaratasi, kama tunavyochambua sentensi darasani.

Neno la kwanza, fedha. Shilingi za Afrika Mashariki zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo moja tu, sehemu nyingine zikiwa madini ya bei nafuu. Zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe. Ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Mwaka umeandikwa juu ya sarafu yenyewe. Kwa hiyo hilo si suala la maoni, ni uongo.

Neno la pili, hali bora. Pengo la ukingoni halikutajwa kabisa. Muuzaji mwerevu mara nyingi hasemi uongo mwingi, bali hunyamaza mahali pa kusema. Na ile "kwa umri wake" ni kichaka cha kujifichia. Daraja halijali umri. Sarafu ya miaka mia moja iliyolika imelika, na sarafu ya juzi iliyolika imelika. Hakuna mtihani unaosahihishwa kwa kusema huyu amepata A kwa urefu wake.

Neno la tatu, nadra. Hili ndilo tamu kuliko yote. Mfano bora ni senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII. Mfalme huyu alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia sokoni. Ukiisikia historia hiyo, unadhani senti yenye jina lake ni lulu. Kumbe sarafu zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji picha ya kichwa, basi zikapigwa kwa wingi zikiwa na jina lake, zikatumiwa na watu wa kawaida kununulia chumvi. Mpaka leo zinapatikana tele kwa bei ndogo. Historia yake ni nadra, lakini sarafu zenyewe si nadra. Muuzaji anakuuzia ile historia, wewe unadhani umenunua sarafu.

Sasa oneni jambo lenyewe. Aliyepunjwa si nyanya peke yake. Atakayeinunua ile shilingi ya 1948 kwa elfu moja na mia tano atapunjwa pia, kwa sababu ni sarafu ya kawaida iliyo na pengo. Neno la uongo lilimwibia mmoja wakati wa kununua, likaandaliwa kumwibia wa pili wakati wa kuuza.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema muuzaji anakodi meza, anatembea juani, amejifunza kazi yake kwa miaka, na ujuzi ni mali. Nakubali, na simwonei gere faida yake. Anunue kwa ishirini, auze kwa hamsini, hata kwa mia, hiyo ni juu yake. Wengine watasema kupima ni maoni tu, na watu wawili waadilifu wanaweza kutofautiana. Hilo pia ni kweli, na kama tofauti ni ya ngazi moja sitainua sauti. Lakini sarafu haiwezi kuwa chuma Jumatatu, kisha bila kufanyiwa lolote iwe hali bora Jumatatu ya pili. Bei ina ruhusa ya kubadilika. Maelezo hayana ruhusa hiyo.

Tufanyeje basi? Kwanza, tusisugue! Jamani, naomba hili liingie masikioni. Watu wengi wakipata sarafu ya zamani wanakimbilia majivu na ndimu, au ile dawa ya kung'arishia vifungo vya skauti. Wanadhani wanaitengeneza. Wanaiua. Ule mng'aro wa kiwandani ukitoka haurudi, na mahali pake panabaki michirizi myembamba inayoonekana chini ya taa. Mpimaji mzuri akiiona hiyo michirizi hatoi daraja kamili. Ataandika kwamba imesuguliwa, na bei inaanguka. Weusi wa miaka mingi uacheni ulivyo. Na muuzaji akiita sarafu iliyosuguliwa "inang'aa kama mpya", kumbukeni kwamba hata sufuria hung'aa.

Pili, vifaa tunavyo. Kioo cha kukuzia kipo katika maabara ya biolojia. Mizani ipo katika maabara ya fizikia, na shilingi ya Afrika Mashariki inapaswa kuwa na uzito wa karibu gramu 7.8. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso wake kwa vidole vyenye jasho. Tumia taa moja, uiinamishe polepole, uangalie sehemu zilizoinuka, kisha uzungushe ukingo wote. Soma mwaka. Tafuta herufi ndogo ya kiwanda, kwa maana H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, na SA ni Pretoria. Tundu la kiwandani ni la mviringo safi, nalo liko katikati. Tundu la msumari, lililotobolewa ili sarafu ivaliwe mkufu, ni kasoro na litajwe kama kasoro.

Tatu, na hili ni la Chama chetu cha Kiswahili hasa. Lugha yetu haijafungwa na zile sifa za kaburini. Tunaweza kuwa na ngazi yetu inayosema kweli. Mimi napendekeza hatua sita: imefutika, imechakaa, imetumika sana, imetumika, imetumika kidogo, haijatumika. Baada ya neno hilo, muuzaji aongeze mambo matatu bila kuulizwa: madini yake, kasoro zake zote, na kama imewahi kusuguliwa. Basi. Nyanya yangu hajui Kiingereza wala Kijerumani, lakini ukimwambia "imetumika kidogo, ina pengo ukingoni", ataelewa unasema nini, na ataweza kukubishia. Hapo ndipo haki inapoanzia, pale ambapo yule anayeuziwa au anayenunuliwa anaweza kubisha.

Mwaka 1882, wakati wa Sultani Barghash, Unguja ilitoa pesa ya shaba ambayo upande mmoja ina picha ya mizani yenye vitanga viwili. Aliyeuza na aliyenunua wote waliishika picha ile ile mkononi. Mimi sidai kwamba siku hizo hapakuwa na wapunjaji. Nasema tu kwamba walioichora walijua pesa inahitaji kitu gani kando yake.

Naomba kupitia ukurasa huu kwamba ile ngazi ya hatua sita ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama, ili isahihishwe na yeyote mwenye neno bora kuliko langu. Walimu, tafadhali tukosoeni. Na muhula ujao, yeyote ambaye babu au nyanya yake atamruhusu kuja na shilingi moja au mbili, alete kwenye mkutano wa chama. Tutazipima pamoja, tutaandika maneno yake kwenye karatasi, na karatasi hiyo itarudi nyumbani ndani ya mkebe pamoja na sarafu. Bwana wa mkoba akija tena siku ya soko, aisome kwanza.